Dondoo muhimu: Bima ya mkopo, ulipe au uache?

Mkulima wa alizeti wa Iramba au Mkalama akikopa benki, anaweza kukuta makato ya bima ya mkopo. Kabla ya kusaini:

• Uliza inalipia nini. Mara nyingi ni kifo au ulemavu wa kudumu. Ukame ukiunguza shamba, deni ni lako. Hilo ni la bima ya mazao.
• Piga hesabu ya makato kwa shilingi: kwa mfano, asilimia 1 ya mkopo wa 2,000,000 ni 20,000.
• Soma yasiyolipiwa, hasa maradhi ya awali.
• Mwachie mwenza wako nakala ya bima, ndiye atakayedai ukifariki.

Kama kifo chako kitaiachia familia deni isiloliweza, lipa. Ukinyimwa haki, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).