Nimeacha unga, nani atanishika mkono?

SWALI: Nina miaka 27, naishi Temeke. Huu ni mwezi wa nne natumia methadoni. Nikitoka kliniki napita kijiwe kilekile, washikaji wananiita. Nyumbani bado wananifungia kabati. Nani wa kunisimamia?

JIBU: Miezi minne si haba, hongera. Methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, huzuia arosto, upweke haiutibu. Basi anza palepale unaponywea dozi. Mwambie mshauri nasaha akuunganishe na kikundi cha waraibu waliopata nafuu. Aliyewahi kulala maskani atakuelewa bila maelezo mengi. Chukua namba ya mmoja wao, umpigie kabla hujakifikia kijiwe, si baada. Na ubadili njia, hata kama itakuzungusha.

Kuhusu kabati, vumilia. Imani huondoka mbio, hurudi ikijikongoja. Mwombe mama au dada mwende naye kliniki siku moja, asikie mwenyewe kwamba uraibu ni ugonjwa. Ukitumwa sokoni, rudisha chenji yote, uihesabu mezani mbele yao. Hilo litasema mengi kuliko viapo.

Ukiteleza, usijifiche kwa aibu: rudi kliniki siku hiyohiyo, useme kweli. Unga juu ya methadoni unaweza kukata pumzi. Pombe na vidonge vya usingizi vivyo hivyo. Kuteleza si kuanguka, lakini usiteleze peke yako.