Taa ya Fo-Wili Ikiwaka na Kuzimika

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Magari mengi yanayopanda milima yetu ya Usambara yamenizidi umri. Mojawapo lionekanalo sana ni Mitsubishi Pajero ya namna ya pili, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1991. Motokaa hii inao mpango wa kuendesha magurudumu manne uitwao Super Select, nao nusu ni chuma, nusu ni hewa na umeme. Nusu hii ya pili ndiyo iwatiayo watu hasara, kwa kuwa mafundi wengi huiogopa. Ningependa kueleza inavyofanya kazi, na jinsi ya kutafuta ubovu wake bila kutupa fedha.

Karibu na mkono wa gia upo mkono mdogo wenye alama nne. 2H ni magurudumu ya nyuma tu. 4H ni yote manne, nayo yafaa hata barabara ya lami. 4HLc ni yote manne na difu ya katikati imefungwa, na 4LLc ni vivyo hivyo kwa gia nzito. Hizi mbili ni za matope, si za lami. Mkono huo wasukuma vyuma vya transfa, lakini ekseli ya mbele hauifikii. Katika 2H upande mmoja wa ekseli hiyo huachanishwa na difu, ili vyuma vya mbele visizunguke bure. Kuuunganisha tena ni kazi ya kopo dogo la chuma lenye kiwambo cha mpira ndani yake. Hewa ikinyonywa upande mmoja wa kiwambo, hewa ya upande wa pili hukisukuma, nacho huvuta fimbo, na fimbo hupeleka meno ya klachi mahali pake.

Hili ndilo lile ombwe la darasa la Fizikia ambalo wengi wetu tulidhani ni la mtihani tu. Tuseme kiwambo kina kipenyo cha sentimita 6. Eneo lake ni sentimita za mraba 28 hivi. Hewa ya pwani husukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 1. Tukiondoa nusu ya hewa, twapata nguvu ya kilo 14. Huku Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa imepungua kwa kama sehemu 15 katika 100, kwa hiyo ufa mdogo wa mpira ambao Tanga huenda usilete neno, hapa waweza kuleta.

Njia za hewa hufunguliwa na kufungwa na valvu mbili za umeme, ziitwazo solenoidi, nazo hupokea amri kutoka kisanduku cha kompyuta. Kisanduku hakina macho. Chategemea swichi zilizo kwenye transfa, na moja iliyo kwenye ekseli, ambayo hukiarifu kuwa meno yamekutana. Mpaka kipate habari hiyo, taa za magurudumu ya mbele katika ubao wa dereva huwaka na kuzimika. Basi taa ikimemeta haisemi kwamba kompyuta imekufa. Yasema kwamba habari haijafika.

Mjomba wangu anayo motokaa ya namna hii, na wakati wa masika ndiyo ishushayo wagonjwa na akina mama wajawazito kutoka vijiji vya juu mpaka hospitali. Mwaka jana taa zilipoanza kumemeta, gereji moja ilimtaka shilingi laki nne na nusu za kompyuta ya mtumba. Alikuwa amekwisha uza mbuzi wawili. Ubovu wenyewe ulikuwa ni mpira wa hewa, uliokauka ukapasuka karibu na bomba la moshi. Mpira mpya ulimgharimu shilingi elfu tatu.

Kabla ya kugusa kitu, nenda polepole kwa mstari ulionyooka mita chache, ukiwa umeinua mguu kwenye mafuta. Pengine meno hayajakutana tu. Angalia pia kwamba matairi yote manne ni ya kipimo kimoja. Taa zikizidi kumemeta, swali la kwanza ni hili: je, ekseli imeungana au haikuungana? Weka 4HLc, nenda mbele kidogo, simamisha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha weka kigingi imara chini ya gari. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Lizungushe gurudumu kwa mkono. Likikataa, ekseli imeungana, na mwongo ni swichi au waya wake. Likizunguka bila kizuizi, ekseli haikuungana, na yafaa kuitafuta hewa. Mafundi wengi huruka jambo hili la dakika kumi, nami naona ndilo kubwa kuliko yote.

Kutafuta hewa, mwenzako awashe injini na kuweka 4H, gia ikiwa huru. Chomoa mipira miwili ya kopo, mmoja mmoja, na uweke kidole. Mmoja wapaswa kunyonya. Ukinyonya, mpira si mbovu. Jaribu kopo lenyewe kwa bomba kubwa la sindano. Fimbo isiposogea, au ikisogea kisha ikarudi yenyewe, kiwambo kimetoboka. Isiponyonya yote miwili, rudi nyuma hatua kwa hatua: mpaka valvu, mpaka tangi dogo la ombwe, mpaka pampu. Katika injini ya dizeli pampu hiyo ndiyo inayosaidia breki pia. Kwa hiyo kama pedali ya breki nayo imekuwa ngumu, acha habari ya magurudumu manne, na gari lisitoke mpaka pampu itazamwe.

Hewa ikifika kwenye valvu lakini isipite, tega sikio. Valvu nzima hulia "ta!" ipatapo umeme. Ichomoe, uipe umeme wa betri wa volti 12 kwa nyaya mbili. Ikilia, valvu haina neno. Tazama fyuzi, viungio vyenye kutu, na waya wa kwenye bodi. Isipolia, pima kwa mita ya umeme: kama njia imekatika kabisa, valvu ndiyo mbovu.

Zile motokaa za baadaye zinazobadilisha kwa kitufe hutumia mota ya umeme juu ya transfa badala ya mkono. Hapo pia sikio ni chombo: mota isipotoa sauti yoyote, anza na fyuzi na betri dhaifu.

Kompyuta huja mwisho, baada ya hayo yote kuonekana mazima. Hata hapo, fungua kisanduku kwanza uone kama maji yaliingia.

Chama chetu cha Sayansi kimepewa kopo moja kuukuu na valvu zake mbili. Jumamosi baada ya usafi vitakuwa mezani katika maabara ya Fizikia, na wazazi watakaokuja siku ya kutembelea wataonyeshwa pia.