Utamaduni kwa Jicho la Sosholojia: Tamthilia ya Bembea ya Maisha

Swali la utamaduni hupendwa na watahiniwa, lakini huwapotezea wengi alama. Mtahiniwa huorodhesha mila, kisha akasema hii ni nzuri na ile imepitwa na wakati. Hiyo ni hukumu, si uchambuzi. Katika sehemu hii utajifunza kuutazama utamaduni kama mwanasosholojia, yaani mtaalamu anayechunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja na jinsi jamii inavyoongoza mienendo yao.

Maana ya utamaduni

Utamaduni ni jumla ya mambo ambayo mtu hujifunza kwa kuwa mwanajamii: lugha, imani, mila, vifaa, mapishi na namna ya kuoa, kulea na kuzika. Zingatia neno "hujifunza". Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kuwa jikoni si mahali pa mwanamume. Hufunzwa na wazazi, marika na majirani.

Utamaduni una sehemu zinazoshikika, kama vile nyumba na dawa, na zisizoshikika, kama vile maadili na miiko. Mwaka wa 1922, mwanasosholojia Mmarekani William Ogburn alieleza kuwa zile zinazoshikika hubadilika haraka kuliko zisizoshikika. Pengo linalobaki katikati huzua mivutano. Ndivyo ilivyo katika tamthilia ya Timothy Arege. Sara anaweza kupata matibabu mjini, lakini suala la mzazi kulala nyumbani kwa mkwewe bado linapimwa kwa mizani ya jadi.

Maswali manne ya kujiuliza

Kila unapokutana na mila katika tamthilia, jiulize:

1. Jamii inamtarajia mhusika afanye nini?
2. Nani anailinda mila hiyo, na kwa njia gani? (sifa, dhihaka, masengenyo, kutengwa)
3. Nani ananufaika na nani anaumia?
4. Ni nini kilichobadilika hata mila hiyo ikaanza kutiliwa shaka?

Mfano: hamu ya mtoto wa kiume

Yona na Sara wamejaliwa mabinti. Jamii yao inatarajia mwana wa kiume, kwani ndiye anayehesabiwa kuwa mrithi na mwendelezaji wa jina la ukoo (swali la 1). Hakuna askari anayetumwa kumwadhibu Yona kwa kukosa mwana. Kuna maneno ya watu tu, nayo yanatosha kumwelekeza kwenye pombe (swali la 2). Hata hivyo, mzigo hauishii kwake. Anautua kwa mkewe, naye Sara anaubeba kwa mwili na moyo (swali la 3). Hatimaye, binti ambaye kuzaliwa kwake hakukuwatosheleza wanakijiji ndiye anayejitolea kwa ajili ya matibabu ya mamake. Neema amesoma na ana kipato. Elimu ya mtoto wa kike imebomoa sababu iliyofanya mwana wa kiume aonekane kuwa tegemeo la pekee la uzeeni (swali la 4).

Linganisha majibu haya

Jibu A: Yona ni mlevi na mkatili. Anamtesa Sara kwa sababu ya kukosa mtoto wa kiume. Utamaduni huu ni mbaya na unafaa kuachwa.

Jibu B: Utamaduni unaothamini mtoto wa kiume unavuruga ndoa ya Yona na Sara. Yona anaposemwa na wanakijiji kwa kukosa mwana, anatafuta faraja katika ulevi na kumwelekezea mkewe hasira. Hata hivyo, msaada wa Neema kwa mamake unaonyesha kuwa thamani ya mtoto haitegemei jinsia yake.

Jibu A linamlaumu mtu mmoja. Jibu B linaonyesha shinikizo la jamii, matokeo yake na mabadiliko yanayolipinga. Je, Jibu B linamtetea Yona? La. Kueleza kiini cha kosa si kulihalalisha. Wanaume wengine husemwa vivyo hivyo na wasiinue mkono. Mwanasosholojia hutaja nguvu ya jamii bila kumwondolea mtu wajibu wake.

Tahadhari

• Usidhani utamaduni ni wa kijijini na wa kale pekee. Maisha ya mjini nayo yana kaida zake.

• Usiitumie jamii yako kama kipimo cha kuhukumu nyingine.

• Usitoe ushahidi nje ya kitabu. Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa (Kifungu cha 11), na papo hapo inabatilisha sheria ya kimila inayokinzana nayo (Kifungu cha 2). Maarifa haya yatakusaidia kuelewa mvutano, lakini alama hutolewa kwa hoja zenye mifano kutoka kwenye tamthilia.

Zoezi

"Utamaduni ni nguzo na pia ni mzigo." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

Dokezo: Wengi huona mzigo tu. Anza na nguzo: tazama jinsi Dina anavyomfaa Sara. Ujirani mwema pia ni utamaduni, nao hulindwa na jamii ile ile inayomsema Yona. Kisha rejelea Yona anapoingia jikoni, ujibu maswali yote manne.