Maswali na Majibu: Wakimbizi wa 1972 na Kilimo cha Magharibi mwa Tanzania

1. Wakimbizi wa 1972 walitoka wapi, na kwa nini?
Burundi. Baada ya uasi wa Aprili mwaka huo, serikali ya Michel Micombero iliua maelfu kwa maelfu ya Wahutu, hasa waliosoma. Wengi waliosalimika walikimbilia Tanzania.

2. Tanzania iliwaweka wapi?
Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Katavi. Mishamo ilifunguliwa 1978 baada ya Ulyankulu kuzidiwa na watu. Andika "makazi", si "kambi". Kambini mtu hungoja mgao wa chakula; kwenye makazi kila familia ilikatiwa shamba ijilishe yenyewe. Huko Mishamo shamba la kila familia lilikuwa hekta 5.

3. Eleza mchango wao katika nguvu kazi ya eneo hilo.
Swali hili lina alama nyingi, kwa hiyo toa mifano. Walikuta pori la miombo, wakalifyeka kwa shoka na jembe. Walilima mahindi, maharage, muhogo na karanga, na ziada ikaingia sokoni.

Mfano wenye nguvu zaidi ni tumbaku, zao linalokula mikono ya watu. Miche huanzia kitaluni na kumwagiliwa kila siku kabla ya kuhamishiwa shambani. Majani huchumwa kwa awamu, ya chini kwanza, kadiri yanavyoiva. Hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto hulindwa usiku na mchana. Ukizidi, jani linaungua na daraja linashuka. Baada ya hapo kuna kuchambua na kufunga robota. Kazi hiyo ya familia za wakimbizi iliingiza mazao kwenye vyama vya msingi na fedha za kigeni nchini. Taja pia gharama yake: kuni za mabani zilikatwa kwenye miombo hiyo hiyo.

4. Sheria iliwabana vipi?
Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Seremala kijana hakuweza kwenda mjini kutafuta kazi kwa hiari yake, na mtoto aliyezaliwa Katumba alihesabiwa mkimbizi kama babu yake. Huu, kwa maoni yangu, ndio udhaifu mkubwa wa mpango mzima: mkulima alipewa ardhi, lakini fundi, mwalimu na mfanyabiashara walifungiwa humo humo.

5. Waliupataje uraia?
Mwaka 2007 waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban wanne kati ya watano walichagua kubaki, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia wa tajnisi. Hata hivyo, vyeti vilianza kutolewa 2014 tu. Kikwazo kikubwa kilikuwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Aliyefyeka pori, akazika wazazi wake hapo na kusomesha watoto kwa tumbaku, alitakiwa kuanza upya ugenini. Serikali ililiacha sharti hilo, na wengi wa raia hao wapya wakabaki kwenye mashamba yao.