Kazi ya Msimu Unguja: Kubalianeni Kwanza Nyumbani



Kuna Wakenya wanaovuka kwenda kisiwani Unguja kutafuta kazi ya msimu katika hoteli za ufuoni, kama zile za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Ni kazi ya heshima. Lakini mmoja wenu akiondoka, ndoa yenu nayo imeingia safarini. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi mkataba wa hoteli, wekeaneni mkataba wenu wawili.

1. Jueni mwisho wa msimu. Watalii huwa wengi Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Ulizeni: mkataba unaisha lini? Wakati wa masika mshahara upo? Nauli ya kurudi hulipwa na nani? Asiyeuliza huenda akakwama huko bila kazi, akiona haya kurudi mikono mitupu, na mwenzake nyumbani akadhani ameachwa.

2. Tengenezeni karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na wengine hudhani kwamba sasa vibali havihitajiki. Sivyo. Mkenya anahitaji pasipoti, kibali cha kazi na kibali cha kuishi. Aliyeingia kama mgeni wa matembezi haruhusiwi kuajiriwa. Wakala akidai pesa kwanza na mkataba baadaye, msiuze ng'ombe wala msikope. Mkataba usomwe na nyote wawili, na nakala moja ibaki nyumbani.

3. Andikeni hesabu ya pesa. Mshahara hujulikana, lakini bakshishi hupanda na kushuka. Semeni wazi ni kiasi gani kitatumwa kila mwezi, cha karo ni kipi, cha akiba ni kipi. Anayetuma aseme amepata nini. Anayepokea aseme ametumia vipi. Mali bila daftari huisha bila habari.

4. Mkumbukeni anayebaki. Yeye ndiye atakayeuguza watoto, kulima na kujibu wakwe. Asifanywe kama karani wa kupokea pesa tu. Mambo makubwa, kama kuuza mfugo au kumhamisha mtoto shule, yaamuliwe na wawili hata kama ni kwa simu.

5. Lindeni uaminifu. Katika hoteli za ufuoni kuna starehe, pombe na upweke wa usiku. Nyumbani pia kuna upweke. Msioneane aibu kulizungumza jambo hili kabla ya safari. Wekeni saa ya kupigiana simu kulingana na zamu za kazi, na mzungumze hata siku ambayo hakuna pesa ya kutuma. Kisiwani Wakatoliki ni wachache, lakini mjini lipo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, linaloitwa Minara Miwili. Siku ya mapumziko, aliye mbali ajitahidi kufika huko.

Maswali ya kujadiliana usiku wa leo:

(a) Kazi hii inatatua shida gani hasa ya nyumba yetu?
(b) Tarehe ya kurudi ni ipi, na tumewaambia watoto?
(c) Msimu ukienda vibaya, je, utarudi nyumbani bila aibu, nami nitakupokea bila lawama?

Kama swali la tatu halijapata jibu, safari isubiri kwanza.