Mashine ya Mkonge na Watu wa Kitahana: Somo kwa Mwenye Karafuu

Kila msimu unapokaribia lalamiko ni lile lile: wachumaji hawapatikani. Vijana wamekwenda mjini, wengine hotelini, wengine kwenye bodaboda, na aliyebaki, akiutazama mkarafuu mrefu, huuliza kwanza atalipwa nini, kisha huuliza akianguka nani atamtazama. Basi wengi wetu husema dawa ni mashine. Neno hilo si baya. Lakini kabla mtu hajafungua mfuko wake, yafaa tuwaangalie wenzetu waliopatwa na shida hii kwa ukubwa kutupita sisi, yaani wenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Na tuwaangalie vile vile watu waliokuwa wakiletwa kuwafanyia kazi, hasa Waha wa Kibondo na Kasulu, nchi ya Kitahana katika vilima vya Kigoma.

Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Miche iliyotumwa ilikuwa 1,000. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo michache Tanganyika ikaja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa katani, na katika miaka ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Kamba zote hizo zilitakiwa na nani? Hapa ndipo pa kujifunza. Wakulima wa ngano wa Marekani walikuwa na shida ya watu wa kuvuna na kufunga miganda. Zikatengenezwa mashine za kukata na kufunga. Kwanza zilifunga kwa waya, lakini vipande vya waya vikaingia katika chakula cha ng'ombe, na wakulima wakavichukia. Mnamo 1878 John Appleby akapata hati ya mtambo wake wa kufunga fundo kwa uzi, na tangu hapo kila shamba kubwa la ngano, na baadaye kila shamba la majani makavu ya mifugo, lilitaka kamba kila mwaka. Kwa hiyo mashine iliyopunguza watu katika konde za Marekani ndiyo iliyotaka watu katika konde za Tanga. Kazi haikufa, ilihama. Nami naona jambo hili ni kubwa kuliko bei ya mashine yo yote.

Sasa tutazame kiwandani. Jani la mkonge lina nyuzi kidogo sana: katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 za katani, na kilo 96 ni maji na makapi. Zamani za kwanza jani lilishikwa kwa mkono na kutiwa katika gurudumu lenye visu butu, likavutwa, likageuzwa, likatiwa tena upande wa pili. Kazi ilikuwa ya polepole, na vidole vingi vilikwenda nayo. Kisha ikaja mashine kubwa iitwayo korona, iliyotengenezwa na kina Krupp wa Ujerumani. Waingereza nao wakawa na ya kwao ya Robey. Katika korona majani hupangwa ubavu kwa ubavu, hushikwa na kamba au mnyororo na kupitishwa mbele ya ngoma ya kwanza, inayosaga nusu ya jani. Kisha hushikwa mahali palipokwisha kusagwa, na ngoma ya pili humaliza nusu iliyobaki. Maji humwagika wakati wote kusafisha. Mtambo mmoja humaliza maelfu ya majani kwa saa. Baada ya hapo katani huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi kwa mashine, hupangwa kwa daraja, na kushindiliwa kuwa marobota.

Mtu akisimama kiwandani huona shida ya watu imekwisha. Lakini korona ni mlaji asiyeshiba. Majani yake yakatwe na nani? Mkonge hauvunwi shamba zima kwa mara moja kama ngano. Hukatwa majani ya chini yaliyokomaa tu, na ya juu huachwa yaendelee kukua. Kila jani lina mwiba nchani. Mkataji huinama, hukata, huondoa mwiba, huhesabu majani 30 na kuyafunga mtumba, kisha hubeba mitumba hiyo mpaka kwenye njia. Kazi hiyo ilifanywa kwa kisu na mkono mwaka 1900, na mpaka leo ni kwa kisu na mkono. Tena jani likikatwa halingoji. Likikauka kabla ya kusagwa nyuzi hutoka vibaya. Kadiri mashine ilivyokuwa na nguvu, ndivyo wakataji walivyotakiwa kuwa wengi.

Ndipo tufike Kitahana. Wilaya za Kibondo na Kasulu zilikuwa mbali na bandari, zina ndorobo na maradhi ya malale, na serikali ya kikoloni haikuzijali sana kwa zao la kuuza. Lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mashambani kwa wengine. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 njia ya kuwachukua watu ilikuwa imefunguka. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika lao la kuandikisha wafanya kazi, SILABU, na Kigoma ilikuwa mojawapo ya mahali pake pakubwa pa kupata watu. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Fikiria mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye jina alilopewa na babaye, huitwa kwa namba! Walipanda garimoshi la reli ya kati, na safari iliyobaki mpaka Tanga ilikuwa ya barabara, kwani reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi haikufunguliwa mpaka 1963. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zikitimia ndipo mshahara. Huko nyuma mwanamke alilima peke yake, na nyumba iliyobomoka ilingoja mwenyewe arudi.

Maoni yangu ni haya. Maadamu watu wa Kibondo walipatikana kwa ujira mdogo, mwenye shamba hakuwa na haja ya kufikiri sana juu ya kazi ya konde. Alinunua mashine pale ambapo mkono wa mtu hauwezi kabisa, na penginepo palipobaki akaita manamba. Baada ya Uhuru wa 1961 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na mara mashamba yale yale yakaona kwamba yanaweza kufanya kazi kwa watu wachache zaidi kuliko waliosema zamani kuwa ni lazima. Katikati ya miaka ya 1960 SILABU ikawa imekwisha. Watu wa Kitahana wakabaki kwao na kulima.

Mkonge wenyewe haukusalimika. Viwanda vya nchi tajiri vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 hayakutunzwa vizuri. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 zao lilikuwa limeshuka hadi karibu tani 20,000 kwa mwaka. Tangu 1999 mashamba kadhaa ya Tanga yamegawiwa wakulima wadogo, ambao hukata majani yao na kuyapeleka korona. Bado wanahangaika kupata wakataji.

Sasa turudi kwenye mikarafuu yetu. Kazi yetu ina sehemu tatu: kuchuma, kuchambua na kuanika. Mwanachama akinunua kikaushio amepata faida kubwa siku za mvua, maana karafuu zilizokaa mbichi lunduni huchacha na kupoteza daraja. Lakini kikaushio hakipandi mti. Tena moto ukizidi, mafuta yaliyomo hupaa, na mafuta ndiyo karafuu yenyewe. Mashine ya kuchambua nayo hupumzisha mikono ya jioni, ambayo mara nyingi ni ya akina mama, wazee na watoto. Hilo ni jema. Lakini anayepanda mti si huyo anayechambua, na upungufu wetu uko kwa yule apandaye. Tukiharakisha uchambuzi na uanikaji peke yake, tutakuwa na korona bila wakataji.

Kwa hiyo mimi ningeanza juu ya mti. Kamba nzuri ya kujifungia, ngazi nyepesi isiyoteleza, na kulipa mapema mtu anapoumia: mambo haya humfanya kijana akubali kupanda. Kwa miche mipya, tukate vilele mapema ili mti usiwe mrefu mno, na tupande kwa nafasi ngazi ipate kusimama. Mti mfupi hauchumwi kwa nguvu za kijana peke yake; hata mtu wa makamo aweza. Baada ya hapo ndipo tununue mashine ya kuchambua, tena kwa ushirika wa watu kumi au ishirini, kwani ya mtu mmoja italala ghalani miezi tisa. Na makonyo msiyatupe. Kiwanda cha mafuta cha Pemba kimekuwa kikiyachemsha tangu 1982.

Tunaomba kila mwanachama, msimu huu, aweke daftari dogo. Aandike siku za watu zilizotumika kuchuma, siku za kuchambua na siku za kuanika, kila moja mbali. Kilo za karafuu mbichi na kilo za kavu, maana yapata kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu, na ikiwa yako ni tofauti tujue sababu. Miti iliyoachwa bila kuchumwa, na urefu wake kwa kukadiria. Aliyeanguka naye aandikwe, na jinsi alivyoanguka. Madaftari hayo yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwaka, kwani hapo ndipo ombi la kununua mashine litakapojadiliwa.