Pakanga ya Marekani na Nyasi Ngeni

Wasomaji wetu waliosoma Biblia walijua jina la pakanga, mmea ulio mchungu. Aina moja ya jamii hiyo huota katika milima ya Afrika Mashariki, hata Kilimanjaro, na watu huitumia kuwa dawa. Leo twapenda kueleza habari za ndugu yake aliye mbali, pakanga kubwa ya Marekani, ambayo wataalamu huiita Artemisia tridentata. Twaona kuwa habari zake zawafaa wote wanaofuga katika nchi kavu.

Nchi yake

Upande wa magharibi wa Marekani, kati ya milima ya Sierra Nevada na milima ya Rocky, iko nchi pana iliyoinuka, ambayo mito yake mingi haifiki baharini, bali hukomea katika maziwa ya chumvi au hupotea mchangani. Huko ndiko Nevada na sehemu kubwa ya Utah. Mvua ni haba, aghalabu inchi 8 hadi 16 kwa mwaka, na nyingi huanguka wakati wa baridi, nayo ni theluji. Basi maji huingia ardhini wakati mimea imelala, na jua kali hufuata. Mmea utakao kuishi huko sharti uweze kuyatafuta maji hayo chini.

Jinsi iishivyo

Pakanga hiyo ni kichaka cha rangi ya kijivu, kimo chake aghalabu futi 2 hadi 4, na penye udongo mwingi hupita kimo cha mtu. Jani lake lina meno matatu kwenye ncha, nalo limefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyolikinga na jua na upepo. Majira ya theluji yakiisha hutoa majani makubwa zaidi, na ukame ukija huyapukutisha, ikabaki na yale madogo.

Mizizi yake ni ya namna mbili. Mingine hutanda karibu na uso wa nchi ili kunywa maji ya theluji, na mingine hushuka chini sana. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Richards na Caldwell, walieleza jambo waliloliona Utah: usiku mizizi mirefu huvuta maji kutoka chini, na mizizi ya juu huyatoa katika udongo uliokauka. Kesho yake mmea huyanywa tena, na nyasi zilizo jirani hupata sehemu yao.

Majirani zake

Kati ya kichaka na kichaka huota nyasi za mashina, zinazoishi miaka mingi. Na pale tusipoona hata nyasi, udongo umeshikwa na utando mwembamba wa kuvu na mimea midogo mno, kama ukoko juu ya chungu. Utando huo huzuia upepo usichukue udongo. Mgeni apitaye husema, “Hapa ni patupu.” Lakini si patupu, pana mwenyewe.

Wako pia viumbe wanaoitegemea pakanga yenyewe. Yuko ndege mkubwa wa jamii ya kwale, ambaye wakati wa baridi hula majani yake karibu peke yake. Na wenyeji wa zamani walisuka maganda yake. Mwaka 1938 mtaalamu Luther Cressman alivumbua ndara nyingi za maganda hayo katika pango la Fort Rock, Oregon. Zilipopimwa baadaye zilionekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 9,000.

Jinsi nchi ilivyoharibika

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafugaji walileta ng’ombe na kondoo wengi mno. Ng’ombe hawapendi uchungu wa pakanga, basi walikula nyasi za kati, mwaka kwa mwaka, kabla hazijatoa mbegu, na kwato zao zikauvunja ule utando. Baridi ya mwaka 1889 hadi 1890 iliua ng’ombe wengi, lakini nyasi zilikuwa zimekwisha kudhoofika.

Ndipo ikaingia nyasi ngeni kutoka Ulaya na Asia, Bromus tectorum, ambayo watu wa huko huiita kwa jina lenye maana ya nyasi danganyifu. Huota wakati wa vuli, hukuza mizizi wakati wa baridi, hunywa maji kabla ya wengine, kisha hufa na kukauka mapema. Ikikauka, huwa kama makuti yaliyotandazwa kutoka kichaka hata kichaka. Zamani moto ulikosa njia katika nafasi zile. Sasa umepata njia.

Na pakanga kubwa ikiungua hufa. Haichipui tena shinani. Mbegu zake nyingi huanguka hatua chache tu kutoka kwa mama yao, wala hazidumu sana udongoni. Lakini ile nyasi ngeni hurudi mara, na moto huweza kurudi baada ya miaka michache. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilitoa Sheria ya Taylor, ya kuweka vibali vya malisho katika ardhi yake. Lakini nyasi ngeni ilikuwa imekwisha kuenea. Mwaka 2018 moto mmoja katika Nevada uliteketeza ekari zaidi ya 400,000.

Mafundisho

Tuangalie kwamba uharibifu haukuanza kwenye kichaka. Ulianza kwenye nafasi iliyo kati, ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Mfugaji akitazama miti tu, akaona ingali imesimama, atadhani malisho yake ni mazima.

Kwa hiyo twawashauri wakubwa wa vijiji wapumzishe malisho wakati nyasi zinapochanua, hata mbegu zianguke, wala wasingoje mpaka ardhi iwe nyeupe. Nao walimu wawatoe wanafunzi nje, wapime hatua kumi kila upande, wahesabu nyasi za miaka mingi, nyasi za mwaka mmoja, na mahali penye udongo mtupu. Hesabu hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe. Mwaka ujao wapime mahali pale pale, kisha wawasomee wazee hesabu zote mbili.